Shajara ya mradi: saraundi ya spika tano sebuleni, Mwanga, Kigoma

Lengo

Mradi huu una mteja mmoja, naye ni mama yangu. Ni mwalimu mstaafu, anapenda filamu za kesi za mahakamani na tamthilia za jioni, na masikio yake yamepungua nguvu kidogo. Mkikaa ana kwa ana anakusikia vizuri, ila filamu zinampita. Muziki anausikia, milio ya magari anaisikia, maneno ndiyo yanamezwa. "Kasema nini huyo?" limekuwa swali la kila jioni. Kuongeza sauti ya TV hakusaidii, maana kila kitu kinapanda pamoja, dari inatetemeka na neno bado halijaeleweka.

Dawa ya tatizo hili ipo siku nyingi. Katika sauti ya 5.1, yaani saraundi ya spika tano na besi, karibu maneno yote ya waigizaji hupelekwa kwenye spika ya katikati, na spika hiyo unaweza kuipandisha yenyewe bila kugusa nyingine. Mbili za mbele hubeba muziki na matukio ya kushoto na kulia. Mbili za nyuma hubeba mazingira: mvua, umati, gari linalopita. Ile "nukta moja" ni chaneli ya besi, ambayo inaishia kwenye 120 Hz. Kwa hiyo sikuwa natafuta kishindo. Nilikuwa natafuta njia ya kuyatoa maneno ndani ya makelele.

Vifaa vilivyopo: risiva ya Kijapani ya mtumba (amplifaya inayopokea sauti na kuigawa kwa spika, si king'amuzi) yenye chaneli tano, HDMI (waya mmoja wa picha na sauti), optiko (waya wa sauti kwa mwanga) na koaksio (waya wa sauti ya kidijitali), spika mbili kubwa za mbao zilizokuwa za redio ya zamani hapa nyumbani, spika tatu ndogo za seti moja, sabufa ya kawaida tuliyokuwa tukiiunga na TV, TV ya inchi 43, deki ya DVD, king'amuzi, kompyuta mpakato na flashi.

Ijumaa jioni: umeme kwanza

Kabla ya waya wowote, geuza risiva usome nyuma. Yetu imeandikwa AC 100V 50/60Hz, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, umeiua hapo hapo.

Inahitaji transfoma ya kushusha. Zilizojaa madukani zinatoa 110, na watu wengi wanazitumia bila shida, lakini nilipima kwa mita nyumbani na saa za usiku mzito ukutani panafika 240. Hapo transfoma ya 110 inatoa karibu 115, na kifaa cha 100 kitalala na kuamka na ziada hiyo. Nikatafuta yenye tundu la 100. Kuhusu ukubwa, risiva imeandikwa matumizi yasiyozidi W 250, nami nimeweka transfoma ya W 500, kwa kuwa mlio wa ghafla huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na namba zinazobandikwa kwenye transfoma za bei nafuu haziaminiki zote.

Jambo la pili kwa wenzangu wa mwambao huu wa Tanganyika ni radi. Mawingu yakianza kujipanga upande wa ziwa, chomoa transfoma ukutani na uchomoe waya wa dishi kwenye king'amuzi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Jumamosi asubuhi: waya na betri

Nimeshuka sokoni Mwanga kutafuta waya wa spika. Ule mwembamba mwekundu na mweusi unaouzwa kwa mita ni rahisi, lakini mwingi si shaba tupu. Chukua kisu, kwangua nyuzi moja taratibu. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, na nyuzi zake zinakatika ukizikunja mara kadhaa. Nimechukua waya wa nyuzi mbili wa milimita 1.5 za mraba, ule mafundi umeme wanaoutumia kwenye taa. Kwa mita nane hadi spika ya nyuma, kwenda na kurudi, ukinzani wake haufiki hata robo ya omu moja, na kwa spika ya omu 6 hiyo si kitu. Waya wa milimita 0.5 za mraba ungekuwa mara tatu ya hapo.

Nyuma ya risiva kumeandikwa omu 6 hadi 16. Spika za mbao ni omu 8, ndogo ni 6, zote zimo. Kuna desturi ya kuunga spika mbili kwenye tundu moja ili sauti "iwe nyingi". Za omu 8 mbili zikiungwa sambamba zinakuwa 4, na risiva ya namna hii itajizima yenyewe au itaungua. Sisi tunaunga tano, kila moja na tundu lake.

Kazi ya betri imechukua muda, na inastahili. Betri moja ya rimoti, V 1.5, waya wa chanya unagusa chanya ya spika kwa nukta moja tu, huku jicho likiangalia koni. Koni ikiruka nje, alama ziko sawa. Ikizama ndani, ndani ya boksi nyaya zimegeuzwa. Spika moja ya mbao ilizama. Ilishawahi kufunguliwa na kubadilishwa koni miaka ya nyuma, na aliyeifunga aligeuza. Spika mbili za mbele zikisukuma kinyume, besi inafutika katikati ya chumba na sauti ya mtu inaelea, hujui inatokea upande gani. Mpwa wangu ameweka utepe mwekundu kwenye tundu sahihi.

Wakati wa kufunga nyaya, pindisha nyuzi zote ziwe moja kabla ya kuingiza kwenye tundu. Unywele mmoja wa shaba ukitoka na kugusa tundu la jirani unatosha kuiweka risiva kwenye hali ya kujilinda.

Jumamosi mchana: spika mbili tu zinalia

Tumeunga kama ambavyo nyumba nyingi huunga. Deki imeingia kwenye TV kwa HDMI, TV imetoka kwa waya wa optiko kwenda risiva. Filamu ni DVD halisi, nyuma ya jalada imeandikwa Dolby Digital 5.1. Picha safi. Mbele kushoto na kulia zinalia. Katikati kimya, nyuma kimya.

"Mjomba, risiva mbovu hii," mpwa wangu akasema. "Zile chaneli tatu zimekufa."

Risiva yenyewe ilikuwa inatueleza kila kitu. Kioo cha mbele kina visanduku vidogo vyenye herufi: L (kushoto), C (katikati), R (kulia), SL na SR (nyuma kushoto na kulia), LFE (besi). Visanduku hivyo vinaonyesha kinachoingia kwenye risiva, havionyeshi idadi ya spika ulizofunga. Vilikuwa vimewaka L na R peke yake, na pembeni pameandikwa PCM, yaani sauti isiyobanwa. Maana yake risiva ilipokea chaneli mbili tu na ikatoa chaneli mbili.

Kuhakikisha kwamba spika hazijafa ni rahisi: kwenye menyu kuna mlio wa majaribio, ule wa shhhh unaozunguka spika moja baada ya nyingine. Zote tano zikalia. Kwa hiyo tatizo liko kabla ya risiva. Kwa kila anayelalamika kwamba risiva yake haitoi saraundi, ningeanza na mambo haya mawili, mlio wa majaribio na visanduku vya kioo, kabla ya kumpelekea fundi chochote.

Tukaitoa TV njiani. Deki zetu hizi huwa na tundu la rangi ya chungwa nyuma, la koaksio. Waya wake maalumu si lazima uununue: ule wa njano wa video unaokuja na deki ni wa omu 75, na ndicho kipimo kinachotakiwa. Ukatoka deki kwenda risiva. Kioo bado PCM! Ndani ya menyu ya deki, upande wa sauti, kulikuwa na mstari SPDIF wenye chaguo tatu: OFF, PCM na RAW. Ulikuwa kwenye PCM. PCM inaiambia deki ifungue sauti yenyewe na kuipunguza hadi chaneli mbili. RAW inaiambia iitume kama ilivyo kwenye diski, risiva ifungue.

Nikaweka RAW. Risiva ikatoa mlio mdogo wa "tak", ile relei yake, na visanduku vyote sita vikawaka kwa pamoja, pembeni pameandikwa Dolby Digital. Sauti ya mwanasheria ikatoka chini ya TV, katikati kabisa, na nyuma yetu watu wakakohoa mahakamani. Mpwa wangu aligeuka kuangalia mlango.

Jumapili: kwa nini TV ilikuwa inakunja

Sikutaka kuliacha hivyo, kwa kuwa jambo hili linawasumbua wengi na jibu wanalopewa ni "nunua risiva nyingine".

Vifaa viwili vikiungwa kwa HDMI huanza kwa kupeana habari. Anayepokea anamweleza anayetuma ni aina zipi za sauti anazoziweza. TV yetu ina spika mbili, na ilichoieleza deki ni kwamba inapokea PCM ya chaneli mbili. Deki ikatii: ikachukua chaneli zote, ikazichanganya kuwa mbili, ikazituma. Tundu la optiko la TV lilikuwa linatoa kile kilichoingia. Chaneli tano zikishachanganywa kuwa mbili ni uji tayari, huwezi tena kurudisha maji huku na unga kule. Hata ukibadilisha waya wa optiko ukaweka wa gharama kubwa, hakuna kitakachobadilika.

Waya wa optiko wenyewe hauna kosa. Unapitisha Dolby Digital na DTS (aina mbili za sauti ya saraundi) ya 5.1 zikiwa zimebanwa, au PCM ya chaneli mbili. PCM ya chaneli sita haiwezi, upana wake hautoshi. Hiyo inapita kwenye HDMI. Ndiyo maana kuweka kila kitu kwenye PCM "ili isisumbue" kunaua saraundi kwenye optiko.

Mpangilio sahihi kwa risiva yenye HDMI ni kuifanya iwe katikati ya kila kitu. Deki, king'amuzi na kompyuta vinaingia kwenye risiva, waya mmoja wa HDMI unatoka kwenda TV na picha. Sasa anayejieleza kwa deki ni risiva, na risiva inasema ukweli kwamba inaziweza chaneli tano.

Inabaki sauti inayozaliwa ndani ya TV yenyewe, yaani flashi na programu za intaneti. Hiyo inarudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ARC, ambayo ni waya uleule wa HDMI kurudisha sauti. Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, hivyo risiva ya kabla ya hapo usiitafutie. Lazima waya uwe kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, na lazima ile huduma ya vifaa kuwashana kwa HDMI iwe imewashwa pande zote mbili. Kila kampuni imeipa jina lake kwenye menyu. Ya pili ni optiko. Kwa zote mbili, ingia kwenye menyu ya sauti ya TV, toa PCM, weka Auto au Bitstream (sauti ipite bila kufunguliwa).

Onyo kwa anayenunua mtumba: kuna risiva za mwanzo za HDMI ambazo zinapitisha picha tu, sauti ya HDMI hazisomi kabisa. Muulize muuzaji, au beba deki yako dukani ujaribu palepale.

Katikati ya wiki: flashi

Filamu nyingi hapa mtaani zinatembea kwenye flashi, na kila faili lina sauti yake. Jina la faili halikuambii kitu, wala ukubwa wake. Fungua faili kwenye VLC (programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta), nenda kwenye taarifa za kodeki, yaani namna sauti ilivyobanwa, usome mstari wa chaneli. Ukiona 3F2R/LFE, umepata: tatu mbele, mbili nyuma, na besi. Ukiona Stereo, basi ndani mna mbili tu, na hakuna mpangilio wa TV wala risiva utakaozaa nyingine.

Yetu mengi yalikuwa Stereo. Machache yalikuwa na Dolby Digital na yakawasha visanduku vyote kupitia TV. Mawili yalikuwa na DTS, na TV ikaonyesha picha bila sauti. TV nyingi hazisomi DTS. Hayo tumeyapitishia kwenye kompyuta, HDMI hadi risiva, VLC ikiwa imeruhusiwa kupitisha sauti bila kuifungua. Risiva ikaandika DTS. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Ijumaa: anachokitazama mama

Hapa ndipo mradi ulipogeuka. Mama anatazama nini hasa? DVD za kesi anazo chache. Muda mwingi ni taarifa ya habari na tamthilia za king'amuzi, na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zile ambazo mtafsiri anasimulia juu ya picha. Vyote hivyo vinatufikia kwa chaneli mbili. Kazi yote ya deki na RAW haimgusi kwa jioni nyingi za wiki.

Risiva hii ina Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000, na kwa mama ndiyo kifungo muhimu kuliko vyote. Inafanya kazi hivi: inalinganisha kushoto na kulia muda wote. Sauti iliyo sawasawa pande zote mbili inaivuta na kuipeleka spika ya katikati. Iliyo upande mmoja zaidi inaiacha huko. Zile zinazopingana, moja ikipanda nyingine ikishuka, inazitupa nyuma. Haizui kitu kisichokuwepo, inapanga kilichopo.

Mtangazaji wa habari hurekodiwa kwa maikrofoni moja, kwa hiyo yuko sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo anaenda katikati. Mtafsiri wa filamu naye ni maikrofoni moja iliyomwagwa pande zote. Nilipoweka Pro Logic II upande wa Movie, mtafsiri akahamia chini ya TV, milipuko ikabaki pembeni na nyuma. Nikapandisha spika ya katikati peke yake. Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, hakuwa hata ameambiwa kwamba kuna jaribio. Akainua kichwa. "Huyu mtafsiri leo kaamua kuongea vizuri."

Kuna chaguo jingine kwenye risiva nyingi ambalo watu hulipenda, linaloitwa 5CH Stereo au All Channel. Spika zote tano zinalia kwa nguvu na mgeni anaambiwa "unasikia saraundi?" Hiyo si saraundi. Ni sauti ileile ya kushoto na kulia imerudiwa nyuma, na kwa mtu mwenye masikio dhaifu inaharibu zaidi, kwa kuwa neno moja linamfikia kutoka pande zote kwa nyakati tofauti. Hall, Stadium na Jazz nazo zinaongeza mwangwi wa kutengeneza. Kwa karamu sawa. Kwa kusikiliza maneno, zima.

Jumamosi: futikamba

Kiti cha mama ndicho kitovu. Kutoka kwenye pua yake, spika za mbele zinatakiwa ziwe nyuzi 30 kushoto na 30 kulia, na za nyuma karibu nyuzi 110, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio. Vipimo hivyo vimo kwenye pendekezo la kimataifa la ITU la sauti ya 5.1. Mama anakaa mita 2.6 kutoka mstari wa mbele, hivyo kila spika ya mbele imekaa mita 1.5 kutoka katikati, mita 3 kati yao. Sebule ina upana wa 3.6, zimeingia kwa shida lakini zimeingia.

Kochi lilikuwa limebanwa ukutani, na hapo hakuna nyuma ya kuweka spika. Nimelivuta mbele kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Spika za nyuma zimepanda ukutani, juu kidogo ya kichwa cha aliyekaa, zikitazamana.

Spika ya katikati ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kabati la TV lina rafu, na mkono wa kwanza unataka kuisukuma ndani ili ipendeze. Ikiwa ndani, mbao za rafu zinaanza kuvuma nayo na maneno yanakuwa mazito. Imevutwa mpaka uso wake uko sawa na ukingo wa rafu, na chini mbele nimechomeka kipande cha mbao chenye unene wa kidole gumba ili itazame usoni kwa mama badala ya magotini.

Risiva ilikuja bila maikrofoni yake ya kupimia, jambo la kawaida kwa mtumba. Nimeingiza kwa mkono. Umbali: mbele 3.0, katikati 2.6, nyuma 1.7. Risiva inatumia namba hizo kuchelewesha spika zilizo karibu, kwa kuwa sauti hutembea karibu mita 345 kwa sekunde katika joto letu, kila mita ni kama milisekunde 3. Nguvu ya sauti nimepima kwa programu ya simu, simu imesimama pale kichwa cha mama kinapokaa. Namba ya simu yenyewe usiiamini sana, lakini kwa kulinganisha spika na spika inafaa kabisa. Zote zimewekwa sawa, kisha katikati nikaongeza desibeli 3. Mama anayasikia maneno, na sisi wengine hatuoni kwamba kuna kilichozidi.

Spika zote kwenye menyu nimezitangaza Small, hata za mbao, na mpaka wa besi 100 Hz, yaani besi ya chini ya hapo inakwenda kwenye sabufa. Ndogo hizi chini ya hapo zinajikaza bure.

Sabufa

Zile sabufa za mtaani zinafaa. Zina amplifaya ndani na matundu ya kuingiza sauti nyuma, na risiva inatoa tundu la Sub lisilo na nguvu ya amplifaya, kwa hiyo zinaoana. Chomoa vispika vyake vidogo, acha boksi kubwa peke yake. Kupata mahali pake: iweke kwenye kochi, cheza kitu chenye besi, halafu tembea kwa magoti ukizunguka kuta. Pale ambapo besi inasikika imetulia, bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Kwetu imekuwa kati ya TV na dirisha. Pembeni kabisa ya kona ilivuma mpaka jirani.

Chumba

Sakafu ya saruji, kuta tupu, dari ya jipsamu chini ya bati. Nilipiga kofi moja, likajibu. Mwangwi huo unafuta mwisho wa maneno, na kwa Kiswahili mwisho wa neno ndipo irabu ilipo. Mkeka mkubwa chini, mazulia mawili madogo juu yake, mapazia mazito badala ya yale ya wavu. Kofi sasa linakatika. Kwa kelele za mvua juu ya bati sina dawa; mvua kubwa ikija tunazima.

Usiku

Kwa Dolby Digital risiva ina kifungo cha Night. Kinapunguza milipuko na kupandisha minong'ono. Kwa mama nimekiacha kimewashwa hata mchana. Watu wa sauti wanasema kinaharibu ladha ya filamu, na kwa masikio mazima ni kweli. Hapa ndani kazi ya filamu ni kueleweka.

Kilichobaki

King'amuzi bado kinatoka kwa nyaya nyekundu na nyeupe, kinasubiri HDMI fupi. Waya za nyuma zimelala chini ya mkeka na zinahitaji trankingi kabla panya hawajazigundua. Ndani ya kabati risiva inapata joto: baada ya filamu nzima mkono unaweza kukaa juu yake lakini hautaki. Nimeondoa ubao wa nyuma wa kabati na kuacha nafasi ya shubiri juu. Jumamosi ijayo tunapima tena, mlango wa kabati ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, na kama bado ina moto inahamia juu ya meza yake yenyewe.

Mpwa wangu ameandika kwa kalamu ya kudumu kwenye kipande cha utepe na kukibandika nyuma ya rimoti: "Habari na tafsiri: PLII Movie. DVD: usiguse."